Lexus RX 350 ama BMW X5 (E70), Kampala siku za wiki na Kapchorwa wikendi: nisaidieni kuchagua

naalya_kapchorwa:

Habari zenu wakubwa. Nataka kubadilisha gari na nimebaki na mbili kichwani, Lexus RX 350 ya 2012 na BMW X5 xDrive35i ya mwaka huohuo, ile ya umbo la E70. Zote ziko hapa Kampala tayari, zote zilitoka Japani, na bei zimekaribiana sana mpaka bei yenyewe haiwezi kunichagulia. Lexus imetembea zaidi. BMW iko na kilomita kidogo kabisa, safi mpaka viti vinang'aa.

Kazi iko mjini, kwa hivyo Jumatatu mpaka Ijumaa ni jamu ya Naalya kwenda Nakasero na mashimo yake yote, halafu wikendi nyingi napanda kwa wazee, tuko na kahawa kule juu. Njia mnaijua, Jinja, Iganga, Tirinyi, Mbale, Sironko, halafu ule mlima wa Sipi, na mwisho kuna kipande cha maramu, barabara ya udongo bila lami, ambacho mvua ikinyesha ni tope tupu. Nyumbani tuko watano, lakini mama akishuka na sisi kuja hospitali Kampala tunakuwa sita.

Naomba mtu aliyeishi na mojawapo ya hizi gari, aliyemlipa fundi kwa mfuko wake na kujaza mafuta kwa bei ya hapa kwetu. Mke wangu anataka Lexus. Mimi moyo uko kwa BMW.

afande_mstaafu:

Ndugu, mimi niko na X5 ya injini hiyohiyo na nitakwambia yote, mazuri na ya mfuko.

Barabarani ni gari ya ajabu. Silinda sita zimepangwa mstari mmoja, lita 3.0 na turbo, nguvu ya farasi 306, lakini hiyo 306 ni ya kwenye karatasi, kinachokufurahisha ni mvuto wake kuanzia chini, unapata nyutoni mita 400 kuanzia mizunguko 1,200 tu, kwa hivyo ukiwa nyuma ya lori la miwa pale Lugazi na nafasi ikatokea unagusa na umeshapita, gia nane zinaingia na hata abiria hajui. Usukani unakuambia kila kitu tairi inafanya. Usiku, mvua, lami imechakaa pembeni, bado iko imara.

Halafu huo mlima wako watu hawaufikirii. Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, Kapchorwa unakaribia 2,000. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Lexus inatoka kiwandani na farasi 275 hivi, ikifika kule juu kuna kama 50 na kitu zimeshapotea, na wewe umejaza watu na magunia. Turbo inajisukumia hewa yenyewe, mlima hauisumbui hivyo.

Sasa pesa. Hii injini pampu yake ya maji ni ya umeme, haivuji kidogo kidogo ukaona dalili, inafanya kazi vizuri leo na kesho inasimama, na joto likipanda ukalazimisha kufika mahali basi umeua injini. Mimi nilibadilisha pampu na themostati pamoja kabla hazijaniambia kitu. Tairi nazo: nyingi zilitoka na zile zinazotembea hata bila upepo, na hakuna tairi ya spea kwenye buti. Kwa mashimo yetu zile tairi ni ngumu mgongoni na ukipata jiwe kali usiku kule Sironko ukapasuka ubavu, huna la kuweka. Tafuta nafasi ya spea kabla ya safari ya kwanza. Na usinunue tairi mbilimbili kama tulivyozoea, zote nne ziwe aina moja na zimeisha sawa, la sivyo ile transfa inayogawa nguvu mbele na nyuma inafanya kazi saa zote bila kupumzika mpaka inakufa.

Hii gari haitaki mtu wa kuahirisha. Ukisikia kitu Jumatatu, fundi Jumanne. Kama uko hivyo, chukua.

dada_wa_jinja:

Afande nakuheshimu na kwa mlima sibishani, ila mimi niko na RX 350 ya umbo hilohilo, naendesha Jinja Kampala mara nyingi kuliko ninavyopenda, na naomba kaka asikie upande huu pia.

Jambo la kwanza la Lexus ni kwamba ukishuka hujachoka. Iko kimya, imekaa laini, viti vinakushika, unatoka Mukono kwenye ile jamu umesimama saa nzima na bado unaweza kufika nyumbani ukaongea na watoto vizuri. Haikati kona kama BMW, inalala kidogo, na ukiipeleka haraka kwenye kona za Sipi itakuambia polepole mama. Mimi hilo halinisumbui, nina watoto nyuma.

Jambo la pili ni vipuri. Injini ni ile 2GR-FE ya lita 3.5, na hiyo injini iko kwenye Alphard za 3.5, kwenye Vanguard za 3.5, kwenye Harrier 350G. Yaani Kisekka nzima, lile soko la vipuri Kampala, inaijua. Ukitaka sensa, ukitaka koili, ukitaka pampu, unapiga simu asubuhi na boda analeta mchana. Inatumia cheni ya ndani, hakuna ile kazi ya kubadilisha mkanda wa taimingi kila baada ya muda. Pampu ya maji ndiyo udhaifu wake unaojulikana, lakini hii inavuja taratibu, unaona alama ya pinki imekauka pembeni ya mkanda, unapata muda wa kujipanga.

Kitu ambacho nataka uangalie sana ni plagi. Tatu za mbele ziko wazi, mtu yeyote anazifikia. Tatu za nyuma zimejificha chini ya ile maniifoldi, bomba kubwa la kuingizia hewa kwenye injini, lazima ifunguliwe yote, ni kazi ya saa kadhaa, na kuna mafundi wanabadilisha tatu za mbele wanakulipisha sita. Gari inaanza kutetemeka kidogo ukisimama kwenye taa nyekundu za barabarani na kila mtu anakuambia ni petroli mbaya. Dai uonyeshwe sita za zamani mkononi.

Mafuta: vipimo vya Marekani vinaipa kama kilomita 7 na nusu kwa lita mjini na 10 barabarani, X5 35i ni karibu 7 mjini na karibu 10 barabarani, kwa hivyo hapo hakuna wa kumcheka mwenzake. Kwenye jamu ya Kampala zote zitakunywa zaidi ya hapo. Tofauti ni kwamba BMW inataka petroli ya okteni ya juu na Lexus haina makuu sana.

Mabaya ya Lexus pia nayasema. Skrini ya Japani inabaki Kijapani na hiyo inakera, redio yao inaishia 90 kwa hivyo stesheni zetu nyingi huzipati mpaka uweke kifaa cha kubadilisha masafa. Bampa ya mbele iko chini kuliko unavyofikiria, kwenye maramu yenye mfereji katikati uende taratibu. Na hakikisha ni ya kuvuta magurudumu manne kwa sababu ziko za mbele tu, na usije ukauziwa RX 270 ukidhani ni 350, ile ni silinda nne na inavuta mbele peke yake, kwa tope lako haitoshi.

Viti ni vitano basi. Mama yako hana pa kukaa.

fundi_bombo:

Nyote wawili mmesema kweli. Mimi nazifungua zote mbili na kuna kitu kimoja kwenye swali kimenishtua, hiyo BMW ya kilomita kidogo inayong'aa.

Ndugu yangu, kwa E70 kilomita kidogo hazikulindi. Kinachoharibika kwenye injini hiyo ya N55 mara nyingi siyo chuma, ni mpira na plastiki. Gasketi ya kava ya valvu, gasketi ya nyumba ya filta ya oili, mipira ya maji, viunganisho vya plastiki, hivyo vinazeeka kwa miaka na kwa joto, havijui gari ilitembea wapi. Gari imekaa Tokyo kwenye jamu fupi fupi, inapoa inapashwa inapoa tena, plastiki inakuwa kavu, inafika kwetu inaonekana mpya, unaipandisha Sipi imebeba watu sita mara ya kwanza maishani mwake na ndipo kiunganisho kinapasuka. Afadhali ungeniambia iko na kilomita 140,000 na mwenyewe ana risiti za hizo gasketi na pampu. Hiyo ningekuambia nunua leo.

Ile gasketi ya filta ya oili msiichukulie kama kuvuja kwa kawaida. Oili inadondokea fanbelti, fanbelti inalegea inatoka, na vipande vyake vinaweza kuvutwa kupitia sili ya mbele ya krenki, ile shafti kuu ya injini, mpaka ndani kwenye oili. Gasketi ni ndogo, madhara ni injini nzima.

Giaboksi ya gia nane inatengenezwa na kampuni ya ZF, ni nzuri sana, lakini wameziuza na maneno ya kwamba oili yake ni ya maisha. ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, na filta imeungana na ile sufuria ya plastiki ya chini kwa hivyo inanunuliwa yote pamoja. Betri nayo ukibadilisha lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari, usimpe mtu wa pembeni ya barabara anayechomoa na kuchomeka.

Kwa hivyo Lexus yako iliyotembea ndiyo ningeanza nayo kuiangalia, siyo kwa sababu ni Toyota ndani, ni kwa sababu iliyotembea imeshaonyesha tabia yake.

Na ujue sheria ya 2018 ilikataza kuingiza gari yenye miaka 15 au zaidi, kwa hivyo hizi gari za umbo hili zinazoingia zinakwisha. Mnazonunua ndizo tutakazokuwa tunazitengeneza miaka yote, chagueni iliyo na historia.

mtu_wa_arua:

Kwa nini hakuna anayetaja RX 450h? Niko nayo. Jamu ndiyo nyumbani kwake, ina injini na umeme, mjini inakaribia kilomita 13 kwa lita kwa vipimo vya Marekani, nyuma inasukumwa na mota yake bila shafti. Ila betri kubwa inapozwa na hewa inayoingia kwenye matundu chini ya kiti cha nyuma, na vumbi letu la maramu linajaza pale. Safisha kila ukifanya sevisi na usiweke mikoba mbele yake. Watu wengi wanalaumu betri na kosa ni vumbi.

naalya_kapchorwa:

Banange asanteni sana, nimesoma mara mbili mbili. Fundi umenigusa, sikuwahi kufikiria kilomita kidogo inaweza kuwa shida. Swali langu ni la mama: hiyo X5 iko na safu ya tatu ya viti, ndiyo maana niliipenda. Inafaa mtu mzima?

afande_mstaafu:

Hapana ndugu. Safu ya tatu ya E70 ni ya watoto, magoti yanafika kifuani, na ukiinua vile viti buti imekwisha, mikoba utaiweka wapi. Mama mwenye kwenda hospitali msimkalishe pale kutoka Kapchorwa mpaka Kampala. Yeye akae mbele na mtoto mdogo aende nyuma, hapo inawezekana. Na nyingi za viti saba nyuma ziko na maputo ya upepo badala ya springi za kawaida, muulize fundi.

fundi_bombo:

Kweli, na kuyapima ni rahisi. Pima kwa mkono nafasi kati ya tairi na mdomo wa bodi jioni, rudi asubuhi, kama mkia umeshuka upande mmoja kuna puto linavuja, na kompresa yake itakuwa imechoka kwa kujaza kila siku.

Kama bado uko na hamu ya kuziona zote mbili Jumamosi, mwambie kila muuzaji asiiwashe gari kabla hatujafika, nataka nishike injini ikiwa baridi na nisikie inavyowaka mara ya kwanza. Kwenye X5 fungua ile paa ya kioo umwage maji kidogo pembeni kwenye mfereji uone kama yanatoka chini, yakibaki juu mifereji imeziba na siku ya mvua maji yanaingia ndani kwenye waya. Kwenye Lexus nitatoa ile kava ya juu niangalie kama boliti za maniifoldi zimewahi kuguswa. Nitumie namba za chasisi za zote mbili leo usiku nianze kuangalia zilitoka kiwandani na nini.