Naomba ushauri: tasnifu yangu kuhusu India na China katika Bahari ya Hindi imerudishwa mara ya pili

Wakuu, habari za jioni. Nasoma shahada ya uzamili ya uhusiano wa kimataifa na nimekwama. Andiko langu linahusu India kama dola inayoinuka Asia na mkakati wake wa usalama mbele ya China. Msimamizi amelirudisha mara mbili, na safari hii ameandika pembeni: "Umehesabu silaha. Nguvu iko wapi?"

Ni kweli nimehesabu. Kwa makadirio ya SIPRI, taasisi ya Stockholm inayofuatilia matumizi ya kijeshi duniani, mwaka 2024 China ilitumia kijeshi takriban dola bilioni 314, India bilioni 86. Uchumi wa China unakaribia mara tano ya ule wa India. Nikaweka meli za kubeba ndege: India mbili, ikiwemo Vikrant iliyoanza kazi Kochi Septemba 2022, China tatu tangu Fujian ilipoingia kazini Novemba 2025. Nikaongeza nyuklia, kuanzia majaribio ya Pokhran ya Mei 1998, na idadi ya watu. Kurasa sita za majedwali, na mwisho wake nikasema China ni kubwa, India inafuata. Hata mimi nikisoma naona hamna kitu.

Nimekulia Tanga, bahari hii ni ya kwetu pia, na sitaki kuiacha mada. Swali langu: nguvu ya taifa inapimwaje kama si kwa hesabu hizi? Nipunguze wapi? Nina wiki tatu.

Kipanga
Dada, andika kuhusu Quad, jukwaa la ushirikiano wa usalama la India, Marekani, Japani na Australia. Ilianza 2007, ikafifia, ikafufuliwa 2017, na 2020 Australia ikarudi kwenye mazoezi ya kijeshi ya baharini ya Malabar. Hapo ndipo mkakati wa India ulipo, maandishi yapo tele.

Mzee wa Kibosho
Kipanga, Quad si mkataba wa kulindana. India haijaahidi kumpigania mwenzake yeyote mle ndani, na mwaka 2018 ilitia saini ya kununua mitambo ya kutungulia ndege ya S-400 kutoka Urusi huku Marekani ikinuna. Ukianzia Quad utaisoma India kama mfuasi wa mtu, nayo haijawahi kukubali kuwa hivyo tangu enzi za Nehru, waziri mkuu wake wa kwanza.

Binti yangu, nimefundisha jiografia miaka mingi, basi nivumilie. Chukua ramani kabla ya majedwali. India ina milima kaskazini na bahari kusini, na mkoba mmoja wa fedha wa kulinda pande zote mbili. Usiku wa tarehe 15 Juni 2020 askari wake 20 walikufa wakipambana na Wachina katika bonde la Galwan, milimani mpakani. Walipigana kwa mawe na marungu, maana makubaliano ya 1996 yanakataza kufyatua risasi karibu na mstari unaotenganisha majeshi ya nchi hizo mbili. China baadaye ilikiri vifo vinne. Kilichofuata ndicho cha kukitazama: maelfu kwa maelfu ya wanajeshi, vifaru na mizinga vikapandishwa Ladakh, eneo la India lililo mpakani hapo, na kubaki huko majira ya baridi baada ya majira ya baridi. Makubaliano ya doria kwa Depsang na Demchok, sehemu mbili za mpaka huo, yalikuja Oktoba 2024. Rupia inayolisha kikosi mlimani haijengi nyambizi. Jedwali lako linaonyesha India ina bilioni 86, halionyeshi ngapi zimefungwa kwenye theluji.

Mtanganyika halisi
Na Pakistan je? Mei 2025 ilipigana na India siku nne, ikarusha ndege za kivita za J-10 za China. Usimsahau.

Mzee wa Kibosho
Hajasahaulika, ni upande wa pili wa mkoba uleule. Lakini akimwingiza kwa kina, wiki tatu hazitamtosha.

Baharia wa Muscat
Asalaam aleikum. Nami niongeze upande wa maji, maana nafanya kazi melini. Huku baharini mambo yanageuka. Mafuta ya China yanayotoka Ghuba yanapita mbele ya mlango wa India kabla ya kuingia Malaka, mlango-bahari mwembamba wa kuelekea Asia Mashariki. Visiwa vya Andaman na Nicobar ni vya India, ncha ya kusini kabisa haifiki kilomita 200 kutoka Sumatra, na tangu 2001 kuna kamandi ya pamoja ya majeshi pale Port Blair. Hu Jintao, rais wa China wakati huo, alilizungumzia tatizo la Malaka, yaani hofu ya njia hiyo kufungwa, tangu 2003. China imejibu kwa kujongea huku: doria za Ghuba ya Aden tangu mwisho wa 2008, kambi ya Djibouti 2017, bandari ya Gwadar kule Pakistan. India nayo ikapata nafasi ya kutumia bandari ya Duqm hapa Oman, makubaliano ya Februari 2018, na bandari ya Chabahar ya Iran kwa mkataba wa miaka 10 uliotiwa saini Mei 2024.

Kwa hiyo mwenye nguvu mlimani si lazima awe mwenye nguvu baharini. Manowari ya China hapa iko mbali na kwao, ya India iko uani.

Mama Zuhura
Mnaongea vizuri, lakini bado ni bandari na manowari, yaleyale ya jedwali kwa sura nyingine. Nguvu ni kumfanya mwingine atende alilokuwa hataki, au aache alilotaka. Msimamizi nadhani anadai hilo.

Dada, nenda Sri Lanka. Mwaka 2022 nchi ile ilifilisika, hakuna mafuta, hakuna dawa. India ikatoa msaada wa takriban dola bilioni 4. Agosti mwaka huohuo meli ya China ya utafiti na ufuatiliaji wa setilaiti, Yuan Wang 5, ilitaka kutia nanga Hambantota, bandari iliyokodishwa kampuni ya China 2017 kwa miaka 99. India ikapinga. Sri Lanka ikasita siku chache, kisha meli ikaingia. Bilioni 4 hazikuzuia meli moja! Lakini kuanzia Januari 2024 Sri Lanka ikazifungia meli zote za utafiti za kigeni kwa mwaka mmoja. Nini kilibadilika katikati? Hilo ni swali la tasnifu.

Weka Maldivi kando yake. Muizzu alishinda urais 2023 kwa kuahidi kuwaondoa askari wa India, na kufikia Mei 2024 waliondoka. Julai 2025 Modi, waziri mkuu wa India, alikuwa mgeni wa heshima kwenye sherehe za uhuru palepale Malé.

Mleta uzi
Shikamoo mwalimu. Asanteni sana wote. Mama Zuhura, nimesoma jibu lako mara tatu.

Nimeandika upya swali langu: kwa nini India, iliyoshindwa kuizuia Yuan Wang 5 Agosti 2022, iliona mlango ukifungwa Januari 2024? Kesi mbili, Sri Lanka na Maldivi, miaka 2022 hadi 2025. Galwan naiweka sura ya pili kueleza mkoba, Andaman na Duqm sura hiyohiyo. Majedwali yanabaki ukurasa mmoja.

Je, Tanzania niiingize? Julai na Agosti 2024 tulifanya mazoezi na China na Msumbiji, Aprili 2025 tukaandaa mengine na India hapa Dar es Salaam, nchi kumi.

Mama Zuhura
Iache kwa sasa. Iandikie aya moja kwenye sura ya mwisho, kama nchi nyingine ndogo iliyoalika wote wawili. Ukiifanya kesi ya tatu utarudishiwa tena.

Mzee wa Kibosho
Marahaba binti. Chora ramani kwa mkono wako mwenyewe, milima na bahari kwenye karatasi moja, uiweke mbele ya sura ya pili. Na tarehe ya kuonana naye ni lini?

Mleta uzi
Jumatatu saa nne asubuhi. Nitarudi hapa kuwaambia alichosema.