Wakuu, stoo imejaa na meni swichi iko nyuma ya mzigo, nifanyeje?

Mchuuzi_wa_Msimbazi: Wakuu habari za muda huu. Nina fremu Kariakoo, nyuma yake kuna kastoo kadogo, sasa mzigo umeingia wote kwa mpigo nimepanga katoni mpaka darini. Juzi wakaguzi wamepita wakasema nitoe kila kitu mbele ya meni swichi, wanarudi wiki ijayo. Nilichowaza ni seremala aizungushie kabati lenye milango, swichi isionekane, katoni zikae mbele ya kabati kama kawaida. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu, matusi sitaki.

Dalali_Mstaafu: Mkataba unasemaje mkuu? Hapo mwenye nyumba ndo alitakiwa aihamishe hiyo swichi kabla hajakodisha. Mimi Manzese nilipangishwa chumba chenye mita za LUKU za wapangaji wote, usiku wa manane dada wa jirani anagonga anataka kuingiza tokeni, wife akawa haelewi. Tulihama.

Fundi_Fezi: Katoni za nini?

Mchuuzi_wa_Msimbazi: Bidhaa za dukani tu mkuu.

Fundi_Fezi: Nimekuuliza za nini. Na hiyo swichi ni ya fremu yako peke yako?

Mchuuzi_wa_Msimbazi: Vipodozi. Pafyumu, spirei za mwilini na dawa ya kutolea rangi ya kucha. Swichi ni ya jengo zima, fezi tatu. Ila nina dogo mwembamba, ikikata anapanda juu ya katoni anatambaa kwa tumbo mpaka anaifikia, hajawahi kushindwa.

Kiroboto_Mstaarabu: Dogo mwembamba 😂😂 akinenepa jengo zima giza

Fundi_Fezi: Sikia mkuu, ile nafasi haijaachwa kwa urembo. Siku mtu anashikwa na umeme huko juu, wa kumwokoa ni yule wa kuizima, na wewe unamtegemea dogo atambae. Halafu fundi akifungua kava anapima umeme ukiwa unawaka, hapo ni volti 400 kati ya fezi na fezi, ikipiga shoti inatoa cheche kama za kuchomelea, anatakiwa aruke nyuma, sasa arukie wapi, kwenye pafyumu? Na waya ukilegea kwenye breka unachemka taratibu miezi na miezi, kawaida utasikia harufu au utaona plastiki imebadilika rangi, ila nyuma ya katoni nani anaona. Kabati la mbao ndo unaongeza kuni.

Mbeba_Boksi_Houston: Huku Marekani nipo godauni, mbele ya paneli wamechora mistari sakafuni, hapo huweki hata ndoo. Kanuni yao inataka angalau futi 3 kwenda mbele, umeme ukiwa mkubwa zinaongezeka, upana inchi 30, mlango wa paneli ufunguke nyuzi 90 kamili, na wameandika waziwazi sehemu hiyo isigeuzwe stoo. Supavaiza wangu akikuta paleti hapo hasemi kitu, anapiga picha tu.

Mchuuzi_wa_Msimbazi: Huko kwenu nafasi ipo, huku mita moja ya Kariakoo unaijua kodi yake? Na seremala nshampa advansi, mbao zishakatwa.

Mama_Wawili: Mwanangu, soko la Kariakoo liliungua Julai 2021 watu wakashika vichwa, leo bado mnahesabu faida tu. Muogopeni Mungu.

Juma_Jumla: Hizo spirei bei ya jumla ikoje? Nicheki pembeni.

Mpekuzi_wa_Nyuzi: Ngojeni kwanza. Huyu huyu si alileta uzi ana duka la vipuri vya pikipiki Mwanza, kafilisika, anaomba mtaji? Leo ana pafyumu Kariakoo. Hii chai, tena ya maziwa.

Kiroboto_Mstaarabu: Ndo maana dogo anatambaa kila siku hapati hata mchubuko. Leta picha

Mchuuzi_wa_Msimbazi: Vipuri ni vya shemeji niliandika kwa niaba yake. Picha siweki, mwenye jengo yumo humu.

Mpekuzi_wa_Nyuzi: Shemeji tena 😂 ongezeni sukari.

Fundi_Fezi: Iwe chai isiwe chai, wenye stoo za hivi nimewakuta wengi. Mkuu, toka kwenye kava mpaka katoni ya kwanza ni umbali gani?

Mchuuzi_wa_Msimbazi: Hakuna cha kupima. Zimeligusa kava.

Fundi_Fezi: Basi leo hii shusha hizo za mbele, acha mita nzima wazi toka sakafuni mpaka juu ya kichwa. Spirei zitoke humo kabisa, kopo likipata moto linapasuka. Na seremala mbao hizohizo apige rafu ukuta wa pili.

Mchuuzi_wa_Msimbazi: Ukuta wa pili kuna mzigo wa mwenzangu, tunachangia stoo.

Dalali_Mstaafu: Kumbe kuna mwenzio?? Mkataba uko kwa jina la nani?