Mdoli wa mtoto wa miezi 9: wa kitambaa au wa plastiki?

Mama Nuru: Habari wakuu. Mtoto ana miezi 9 na kila anachoshika kinaishia mdomoni. Nimeona midoli miwili: mmoja wa plastiki wenye nywele ndefu, macho ya kufumba na sauti, mwingine wa kitambaa, mdogo, hauna mbwembwe. Upi unamfaa? Na anaweza kulala nao?

Fundi Cherehani: Wa kitambaa, ila ukague kwanza. Macho na pua viwe vimedariziwa kwa uzi. Jicho la plastiki au kifungo hata kikishonwa vizuri, uzi hulowa mate, hutafunwa, hulegea, mwisho kinang'oka. Kisha shika mshono kwa vidole gumba viwili, uvute kwa nguvu, hasa shingoni na kwapani. Ukiona nyuzi zimeachana au pamba inachungulia, rudisha. Kujazwa kuwe kwa nyuzi za poliesta, maana zinafulika. Uliojazwa chembe za plastiki uache kabisa, mshono ukifumuka zinamwagika zote. Urefu wa sentimita 20 hadi 30 unatosha, na mikono iwe myembamba ili kiganja chake kiizunguke.

Mzee wa Vipimo: Huo wa plastiki ukitoa sauti huenda una betri. Betri bapa ya mviringo ikikwama kwenye umio (njia ya chakula toka kooni hadi tumboni) huunguza nyama ndani ya saa 2 tu, kwa hiyo kifuniko kisichofungwa kwa skrubu ni sababu tosha ya kuuacha. Angalia pia lebo: duara lenye uso wa mtoto na "0-3", lililokatwa kwa mstari, maana yake haufai chini ya miaka 3. Lebo ya EN 71 au ISO 8124 inataja viwango vya usalama wa vichezeo.

Mama Nuru: Asanteni. Viatu na kofia za mdoli vinavyovulika je?

Mzee wa Vipimo: Vitoe. Kipimo cha maabara ni silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, kinachoingia chote kinahesabika hatari ya kukaba. Nyumbani tumia ile roli ya karatasi ngumu ya katikati ya tishu za chooni. Ni pana kidogo kuliko silinda, kwa hiyo kinachopita humo usimpe. Utepe mrefu shingoni ukate.

Dada Afya: Kulala nao, hapana, mpaka atimize miezi 12. Kitu laini kikimfunika pua, mtoto mdogo hawezi kukiondoa kwa uhakika. Acheze nao akiwa macho, akisinzia uondoe.

Kufua: uweke ndani ya foronya, funga mdomo, maji ya nyuzijoto 30 hadi 40. Kukausha ndiko wengi wanakokosea: nje panakauka, kichwani bado maji, ukungu unaanza. Kamua kwa taulo, anika, kisha bonyeza kichwa na shingo. Ukihisi ubaridi bado haujakauka. Ukinunua miwili inayofanana, mmoja unakauka huku mwingine unatumika.