Polima ya bakteria wa chumvi inatoka na chembechembe

Mkemia_Njiro: Wakuu, nakuza Halomonas, bakteria wapenda chumvi wanaotoa polima ya utelezi, kwenye chumvi asilimia 8, glukosi gramu 20 kwa lita, nyuzi 32, siku 3. Nikimimina ethanoli (alkoholi) kutenga polima, utelezi unashuka na chembe zinazokwaruza ngozi. Kosa liko wapi?

Bi_Maabara, Moshi: Chumvi haipatani na ethanoli, inashuka pamoja na polima. Toa seli kwa sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi), tia mchuzi uliobaki kwenye mfuko wa dayalisisi, unaopitisha chumvi na kubakiza polima, uuloweke majini saa 48, maji ubadilishe mara 4. Ndipo ethanoli baridi, ujazo mara 3, ilale kwenye friji.

Fundi_Losheni: Mchuzi ukivutika kama mlenda, seli hazitulii chini. Punguza kwa maji ya chumvi ileile. Maji matupu yanazipasua, protini zinachafua polima. Ukiitia polima kwenye losheni, kihifadhi ni lazima, ukungu unaipenda polima hiyo.