Ndege gani mgeni aliyepotea njia amewahi kukutoa jasho?

Wadau, wangu ni heroe mmoja, peke yake bwawani, siku mbili baada ya dhoruba. Kichwa kimeinama, mdomo unachuja tope, wala hana habari na mimi. Nilianza na miguu: hakuna pete ya utambulisho, kwa hiyo huenda hakutoroka kwenye bustani ya wanyama. Picha? Ukungu mtupu, lenzi ilishika mvuke. Nyie mmeona nini?

— Dhoruba inaweza kumpeperusha mbali. Baada ya kimbunga Idalia, Agosti 2023, heroe walionekana mpaka Ohio, Marekani!

— Mimi namhusudu yule tai wa Steller, tai mkubwa wa baharini. Kwao ni mashariki ya mbali ya Urusi, lakini 2020 yuko Alaska, Machi 2021 Texas, Desemba Massachusetts. Mabaka meupe ya bawani ndiyo yaliyowafanya watu waamini kuwa ni yuleyule. Ila pete kukosekana si ushahidi, ndugu. Kucha na manyoya ya mkia vilikuwaje? Kwa ndege wa kufugwa, hivyo huchakaa.

— Mkia sikuutazama. Kucha zilikuwa ndani ya tope. Basi nimeandika "huenda" kwenye daftari, kwa kalamu ya risasi.