Binti yangu wa miaka 8 ameacha kuchora tangu nimsahihishe. Nifanyeje?

MamaZai, Kilifi

Hamjambo akina mama, na akina baba mliomo humu pia.

Ninasomesha watoto wangu watatu nyumbani. Wa kwanza ni mvulana wa miaka 11, wa pili ni Zai wa miaka 8, na kitinda mimba ana miaka 4, huyo bado anashinda akichezea unga na maji. Anayeniliza ni Zai.

Hatukupanga kusomesha nyumbani. Shule zilipofungwa Machi 2020 tulikaa tukisubiri kama watu wote. Zilipofunguliwa Januari 2021, mkubwa alikuwa ameshapiga hatua ambayo sikuitarajia. Sikio lake moja halisikii vizuri, na darasani walikuwa wengi, akiketi nyuma yale ya mwalimu yanampita. Nyumbani nilikuwa naketi upande wake mzuri. Nikamwambia baba yao tujaribu mwaka mmoja. Mwaka huo haujaisha mpaka leo.

Asubuhi baada ya chai, saa mbili mpaka saa tano, ni hesabu, Kiswahili na Kiingereza. Mchana ni wa mikono. Jumatatu wanasuka ukili, ule mkanda wa kushonea mikeka, na nyanya yao, mama mkwe wangu, ambaye ukindu unamtii vidoleni kama uzi. Jumatano tunapika, na chapati ndizo zimewafundisha nusu, robo na thumuni kuliko kitabu chochote nilichonunua. Mkubwa ana daftari la maji: kila siku anaandika saa ambayo bahari imejaa na anachora umbo la mwezi. Wiki ya tatu alikuja mbio jikoni, "Mama, maji yanachelewa! Kila siku kama dakika 50!" Sikuwa nimemwambia. Baadaye akaona mwenyewe kwamba bamvua, yale maji makubwa, inakuja mwezi ukiandama na tena ukiwa mpevu, na katikati yake ni maji mafu. Siku hiyo nilimshukuru Mungu kwa uamuzi wetu.

Ijumaa ni ya kuchora, na Ijumaa ilikuwa ya Zai. Ndugu zake walichora kidogo wakakimbilia nje, yeye alibaki mkekani mpaka magharibi.

Sasa, Ijumaa moja alichora jahazi. Alilichora zuri, na watu wawili ndani, mmoja ameshika kopo la kufua maji, kuyatoa chomboni. Ila mlingoti aliulaza kwa mbele, kama unaotaka kuanguka baharini. Nikamwambia, "Zai, mlingoti husimama wima." Akasema, "Huu haukusimama." Nikachukua raba nikaufuta, nikachukua rula nikachora mwenyewe, wima. Karatasi ilikuwa ya daftari, nyepesi. Pale nilipofuta pakatoboka, tundu kama punje ya mahindi.

Hakulia. Aliikunja ile karatasi mara nne akaitia chini ya mkeka. Ijumaa iliyofuata aliniletea karatasi tupu na penseli akasema, "Chora wewe, mama. Wewe ndiye unayejua."

Hii ni Ijumaa ya sita. Nimemnunulia krayoni mpya, hazijafunguliwa. Nimemwambia achore chochote atakacho, anasema hajui. Hesabu anafanya, ukili anasuka, anacheka, anakula. Kuchora tu ndiko hataki. Baba yao yuko Mombasa kazini wiki nzima, kwenye simu ananiambia atasahau. Mama mkwe anasema nimwache.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mtoto wa shule akikosolewa na mwalimu, jioni anarudi kwa mama yake. Wangu atarudi kwa nani, na mwalimu ni mimi na mama ni mimi?

Nani limemfika hili? Niifute Ijumaa kabisa, au niendelee kuketi naye? Naomba msiniambie niwarudishe shule, hilo tumelipima sana mimi na mume wangu.

Mama wa Raskazone, Tanga

Pole sana dada yangu. Umeniliza na hilo swali la mwisho.

Nilimsomesha kijana wangu nyumbani miaka miwili alipokuwa anaumwa. Na mimi lilinifika, kwa upande wa kusoma. Kila akinijia na kitabu cha hadithi tujilaze tusome, mimi namkatiza, "Hilo neno rudia." Mwisho akawa anamsomea paka, mimi nikiingia ananyamaza.

Lililonisaidia ni khanga. Nilikuwa na khanga moja ya bluu. Tukianza masomo najifunga kiunoni. Tukimaliza naifungua naitundika kwenye msumari wa mlango, mbele yake, na baada ya hapo sisahihishi kitu hata akiandika jina lake kinyumenyume. Wiki mbili za kwanza ilikuwa kazi ngumu, ulimi unawasha. Halafu siku moja nipo jikoni bado nimejifunga, akaja akanivuta ncha ya khanga akasema, "Mama, mvue mwalimu, nina jambo nataka kukwambia." Alikuwa amevunja glasi. Kwa mwalimu asingesema.

Kwa hiyo mimi naona Ijumaa usiifute, ila siku hiyo tundika khanga. Na usikae mikono mitupu unamtazama, maana mtoto anayetazamwa hachori. Kaa na kazi yako. Ukili unaujua?

Mwalimu Mstaafu, Morogoro

Mama Zai, shikamoo nyingi nilizopokea maishani ni za watoto niliowafundisha stadi za kazi, kwa hiyo niruhusu nitofautiane kidogo na wenzangu kabla hawajafika mbali.

Kusahihisha si kosa. Nilianza kazi wakati Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 bado ipo midomoni mwa kila mkaguzi, na kazi za mikono tulizichukulia kwa uzito. Mtoto aliyefinyanga chungu chenye ufa aliambiwa kina ufa. Ukimsifu kwa chungu kinachovuja, siku akikitia maji atajua ulimdanganya, na hapo hatakuamini tena hata ukimsifu kwa haki.

Lakini nimesoma maelezo yako mara mbili, na nimeona mahali penyewe. Bibi yangu alinifundisha ukili nikiwa na umri wa Zai. Nikikosea chane moja, pambo lote lilienda upande. Bibi aliona, na alisema. Aliweka kidole pale penye kosa, akakiondoa, akaendelea na ukili wake. Kufumua nilifumua mwenyewe. Pengine nilifumua dhiraa nzima huku machozi yananitoka, lakini ule ukili ulibaki wangu. Miaka yote sikumwona bibi akishika ukili wangu kunitengenezea.

Wewe ulishika raba, halafu ukashika rula. Mchoro ukawa wako. Mtoto alikuwa mkweli alipokuambia uchore wewe.

Mama mkwe wako Jumatatu anawasahihisha vipi? Kaa pembeni umtazame.

Mwana wa Nahodha, Lamu

Dada, nakusalimu kwa heshima. Nilikuwa nasoma nipite tu, lakini siwezi kupita.

Mtoto hakukosea.

Mlingoti wa jahazi huinamia mbele, kuelekea omo, kichwa cha chombo. Hata wa mashua. Nenda popote kuanzia huku kwetu mpaka Unguja, utaona. Unaosimama wima ni ule wa kwenye vitabu vya watoto, mashua za Wazungu zenye tanga dogo mbele na kubwa nyuma. Chombo chetu kina tanga moja kubwa la pembe tatu, na limefungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaoning'inia kwenye mlingoti. Foromali ni nzito. Ukitaka kugeuza tanga lipokee upepo kwa upande wa pili, inabidi foromali isimamishwe ipitishwe mbele ya mlingoti, iende ng'ambo. Mlingoti ukiwa umeinama mbele, foromali inaning'inia mbali nao na inapata nafasi ya kupita. Baba yangu alifanya kazi hiyo kwenye kusi na kwenye kaskazi, usiku na mchana, na mimi nimeshika kamba hizo.

Tena huyo mtu wa kopo amenifurahisha. Anayechora mtu anafua maji ngamani, chini tumboni mwa chombo, amekaa akatazama chombo kweli. Wengi huchora tanga na bendera basi.

Mwambie binti yako kwamba mtoto wa nahodha kutoka Lamu amesema mlingoti wake uko sawasawa.

Mama Junior, Ujerumani

Huku tulipo sheria hairuhusu kusomesha watoto nyumbani, kwa hiyo sina uzoefu wako. Wangu wanatoka shule saa saba mchana wakiwa na hasira za mwalimu, na kazi yangu ni kuwapikia wali na kuwasikiliza. Sikuwahi kufikiri kwamba hiyo ni bahati. Nakuombea, mama Zai. Tuambie ikawaje.

MamaZai, Kilifi

Nimerudi. Ni siku tisa tangu niandike, na nimesoma majibu yenu nikiwa peke yangu jikoni usiku, nikalia hasa pale kwa Mwana wa Nahodha.

Mimi nimezaliwa Voi. Bahari nimeikuta nikiwa mtu mzima, nilipoolewa. Watoto wangu wamezaliwa wakiiona. Kwa nini sikuliwaza hilo nilipochukua rula, sijui. Mchoro wa jahazi ulio kichwani mwangu ni wa kitabu cha darasa la kwanza, kama alivyosema kaka.

Mwalimu, nilifanya ulivyoniagiza. Jumatatu nilikaa mlangoni nikamtazama mama mkwe. Zai alikosea mara tatu. Mara ya kwanza nyanya aligusa pale kwa ncha ya kidole, kimya. Mara ya pili alisema, "Rangi nyekundu inakuita." Mara ya tatu hakusema kitu, na Zai akaona mwenyewe akafumua. Nimeishi na mama huyu miaka 13 na sikuwahi kuliona.

Jumanne asubuhi nilifunga daftari, nikawachukua wote watatu tukateremka chini karibu na daraja, wanapofunga vyombo. Nyanya akaja nasi. Akawahadithia jinsi watu walivyokuwa wakivuka kwa feri kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991, na jinsi siku moja alikesha ng'ambo na kikapu cha maembe. Maji yalikuwa yanatoka. Palikuwa na mashua mbili, na moja ilikuwa imelala ubavu kwenye matope. Milingoti yote miwili imeinama mbele. Hata sikuhitaji kutafuta.

Nikamwambia Zai, "Tazama mlingoti. Ulikuwa sawa. Mama alikosea, na nilikuharibia karatasi yako. Nisamehe." Nikampa na salamu za Lamu.

Akasema, "Nilijua." Akanyamaza kidogo. "Lakini nilidhani wewe unajua zaidi."

Mkubwa naye hakukubali tuondoke mpaka apime. Alisimama mbali na kipima pembe cha shule, jicho moja amefumba, anabishana na kitinda mimba anayepita mbele yake. Sikumsaidia. Vidole vyangu nilivifumbata ndani ya leso, yaani khanga yangu. Kapata jibu lake kaliandika kwenye daftari la maji, na kama ni sahihi au si sahihi sijamuuliza.

Ijumaa, mama wa Raskazone, nilitundika leso. Nilimwomba nyanya anifundishe ukili, mimi ambaye miaka yote naagiza wengine wasuke, na mwanzo wangu ulikuwa mbaya kiasi kwamba Zai alisogea akaweka kidole penye kosa. Nikafumua. Nikarudia, akaweka kidole tena. Tuliendelea hivyo mpaka adhuhuri, na kuchora hakuna aliyekutaja.

Baada ya chakula aliinua mkeka akatoa ile karatasi iliyokunjwa. Aliinyoosha juu ya goti. Akaniomba gundi na kalenda ya mwaka jana, akakata kipande akakibandika kwa nyuma pale penye tundu, akakigandamiza kwa kikombe. Kilipokauka akachukua raba, akaufuta mlingoti wangu wa rula, polepole, akiushikilia ukingo wa karatasi kwa mkono wa pili ili usichanike tena. Nilikuwa nimejaa maneno kooni. Niliendelea kusuka.

Mlingoti aliourudisha umeinama kuliko hata wa mwanzo. Foromali ameiweka, maana aliiona Jumanne, na mtu wa kopo bado anafua maji. Sasa anapaka bahari. Anaanzia ukingoni akija katikati, na krayoni ya buluu imebaki kama ukucha. Kesho nitapita dukani.