Kichupo kipya cha matokeo kila ninapoendesha msimbo: nani aliwaomba?

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira, na naomba mnivumilie kwa kuwa nimeilimbikiza kwa miezi kadhaa. Kihariri cha msimbo ninachokitumia, ambacho sitakitaja jina kwa sababu sitaki uzi huu ugeuke ugomvi wa mashabiki, kina tabia moja isiyovumilika: kila ninapobonyeza kitufe cha kuendesha programu, kinafungua kichupo (tab) kipya cha matokeo. Faili ni ileile, amri ni ileile, badiliko lenyewe huenda ni koma moja niliyoiondoa, lakini kichupo ni kipya. Leo saa kumi alasiri nimevihesabu nikavikuta 31, vyote vina jina moja, vimebanana juu ya skrini hadi jina lenyewe halisomeki, na faili ninayoihariri imesukumwa kando kiasi kwamba nikitaka kurudi kwake naanza kubahatisha kama mlinzi wa nyumba ya wageni aliyepewa shada la funguo zisizo na namba.

Najua wapo watakaoniambia kwamba hili ni jambo dogo. Jumanne iliyopita jambo hilo dogo lilinila saa moja na nusu. Nilikuwa na skripti ya Python ya kusafisha orodha ya namba za simu zilizokuwa zimepitia kwenye lahajedwali, na kama tunavyoijua lahajedwali, sifuri ya mwanzo ilikuwa imeliwa: 0712 imekuwa 712, huku namba nyingine zikiwa tayari na 255 mbele. Skripti ilitakiwa kuzirudisha zote katika muundo mmoja, lakini ilikuwa inaziongezea 255 hata zile zilizokuwa nayo. Nikaliona kosa, nikalirekebisha, nikaendesha, nikatazama matokeo, na kosa lilikuwa palepale. Nikabadilisha sharti, nikaendesha tena, hali ileile. Nikaanza kulishuku faili lenye data, nikaishuku mashine, nikafika mahali pa kujishuku mwenyewe. Kumbe muda wote huo nilikuwa nasoma kichupo cha tatu, kwa sababu nilikuwa nimekibofya ili kunakili mstari mmoja, na tangu hapo vichupo vipya vilikuwa vinafunguka mwishoni kabisa mwa safu, nje ya upeo wa skrini, bila kujitokeza mbele. Rekebisho langu la kwanza lilikuwa sahihi. Nilikuwa nimelivunja kwa mikono yangu nikitibu ugonjwa uliokwisha kupona.

Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Wingi wa vichupo ni kero, lakini kibaya zaidi ni kwamba matokeo ya zamani na matokeo ya sasa yamevaa sare moja, hayana saa, hayana namba, na mtu aliyechoka hana njia ya kuyatofautisha.

Kuna jambo linalozidisha tatizo, na naona wengi hulikuta bila kujua chanzo chake. Python ikiandika kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, hutoa maandishi mstari kwa mstari, lakini ikigundua kwamba upande wa pili si terminali bali ni mfereji unaopeleka maandishi kwa programu nyingine, huyakusanya kwanza na kuyamwaga kwa mkupuo akiba inapojaa au programu inapomalizika. Vichupo vya kihariri hiki hulishwa kwa mfereji. Matokeo yake, programu inayochukua nusu dakika huonyesha kichupo cheupe muda wote huo, nawe kwa kudhani kwamba kitufe hakikushika unabonyeza tena, na tena, kisha unakuwa na vichupo vitatu na michakato mitatu inayoandika kwenye faili moja la matokeo. Dawa ya upande huo ipo, ni kuongeza alama ya -u kwenye amri ya python, nami nimekwisha kuiweka. Ila sioni kwa nini anayeanza kujifunza akafahamu habari za akiba ya maandishi kabla hajaandika kitanzi (loop) chake cha kwanza.

Tukija kwenye seva ndogo za majaribio, hali inakuwa mbaya zaidi. Nikiendesha seva inayosikiliza poti 8000, yaani namba ya mlango wake wa mtandao, nikabadilisha mstari mmoja na kubonyeza tena, kichupo kipya kinakuja na ujumbe kwamba anwani inatumika tayari, kosa namba 98 kwenye Linux. Inatumiwa na nani? Na mimi mwenyewe, katika kichupo cha nyuma. Basi nakifunga kichupo hicho nikiamini nimeizima seva, na ujumbe unarudi uleule, kwa maana kufunga kichupo katika kihariri hiki ni kufunga macho tu, mchakato wenyewe unaendelea kuishi bila mwenyewe. Inabidi niende terminali, nitafute kwa amri ya lsof ni mchakato gani umeishika poti, niuue kwa namba yake, ndipo nirudi kazini. Kompyuta yangu ina ramu ya GB 4. Kufikia jioni nusu ya uvivu wake ni mizimu ya asubuhi.

Ningenyamaza kama tatizo hili lingekuwa gumu kutatua, lakini watengenezaji wa vihariri vingine walilimaliza zamani. Emacs, ambayo toleo la umma la GNU lilianza kutoka mwaka 1985, humwaga matokeo ya amri yake ya kukusanya programu (compile) kwenye bafa moja, yaani ukurasa wake mmoja wa maandishi, yenye jina moja, na ukiiita tena kabla mchakato wa kwanza haujaisha, inakuuliza kama uuawe. Swali moja, jibu moja, kazi inaendelea. Visual Studio Code, katika faili la tasks.json, inampa mtumiaji kuchagua kama kazi zishiriki kidirisha kimoja, kama kila kazi iwe na chake, au kama kifunguliwe kipya kila mara, na usipochagua kitu, kinachotumika ni kushiriki. Yaani hata wale waliofikiri kwamba huenda kuna mtu duniani anayependa kichupo kipya kila mara, walimpa nafasi yake bila kutuadhibu sisi wengine.

Nilipolipeleka hili kwa watunzaji wa kihariri changu, jibu lilikuwa kwamba matokeo ya awali yanahifadhiwa kwa manufaa yangu ili niweze kulinganisha. Hoja ya kulinganisha naikubali, mimi mwenyewe hulinganisha, pengine mara mbili kwa wiki. Kwa ajili ya hizo mara mbili nabebeshwa takataka za siku tano? IntelliJ hukuachia ubandike kichupo unachotaka kibaki, na kinachofuata ndicho kinachofunguka upya. Vim huzikumbuka orodha kumi za mwisho za makosa ya ukusanyaji, unazirudia kwa amri moja, na huku kwenye skrini kuna dirisha moja tu. Kuhifadhi ya zamani na kuyatandaza yote mezani ni mambo mawili tofauti kabisa.

Nimejaribu pia programu-jalizi moja iliyojinadi kwamba inatumia kichupo kilekile. Ni kweli inatumia kilekile, ila haimsimamishi aliyemo ndani. Nilipobonyeza mara ya pili, programu ya zamani na mpya zikaanza kuandika kwa pamoja, mstari wa huyu, mstari wa yule, nikatamani vichupo vyangu 31 virudi. Na hata pale ambapo mchakato wa kwanza umekwisha, haisafishi, inaongeza chini, hivyo ukisogeza juu kidogo tu unajikuta unasoma kosa la jana.

Kwa hiyo naomba nieleweke vizuri ninachodai, maana kutumia kichupo kimoja kwa pupa nako kuna mtego wake. Kabla ya kufungua chochote, kihariri kitazame kama faili hilo tayari lina kichupo chake cha matokeo. Kama mchakato wa zamani bado unaendelea, kiniulize, au kiusimamishe kwa ishara ya kistaarabu kabla ya kuua kwa nguvu. Kisha kisafishe, kikilete mbele, na juu kabisa kiandike saa ya kuanza mpaka sekunde, na chini namba ya kutokea (exit code), inayosema kama programu imemaliza salama au kwa kosa. Hiyo saa siidai kwa urembo: programu ikitoa matokeo yaleyale mara mbili kwenye kichupo kilekile, bila saa huwezi kujua kama imeendeshwa tena au kitufe hakikushika, na hapo tutakuwa tumerudi kwenye kubonyeza mara tatu tatu.

Kwa sasa najisaidia kwa kuacha terminali moja wazi pembeni na kuendesha kila kitu humo, jambo linalonifanya nijiulize kitufe cha kuendesha kiliwekwa kwa ajili ya nani.

Aliyewahi kukilazimisha kihariri cha namna hii kitumie kichupo kimoja, kwa mipangilio au kwa skripti yake mwenyewe, naomba aeleze hapa alifanyaje na ni kwenye toleo gani, hasa sehemu ya kusimamisha mchakato wa zamani. Anayekuja kunishauri nivifunge kwa mkono asijisumbue. Vile 31 nimevifunga kimoja kimoja kabla ya kuandika uzi huu, na cha 17 kilikuwa na matokeo niliyoyahitaji.